Kuwalaza watoto wadogo: kitabu, kuimba kwa mdomo au nyimbo za simu?

Mlezi_Kimara
Wakuu salaam. Chumba ni kimoja, watoto wawili: mmoja ana miaka miwili na nusu, mwingine miezi minane. Nataka tulinganishe kitabu, kuimba mwenyewe, na nyimbo za simu kupitia spika ndogo ya bluetooth. Ipi inamtuliza mtoto kweli, na ipi inaleta balaa baadaye? "Kila mtoto ana lake" tuiache kando leo.

Nesi_wa_Zamu
Mkuu, anza na saa. Mwongozo wa WHO wa 2019 unasema mtoto wa miezi 4 hadi 11 anahitaji saa 12 hadi 16 za usingizi kwa siku, na wa mwaka 1 hadi 2 saa 11 hadi 14, usingizi wa mchana ukiwemo. Sasa piga hesabu ya huyo mkubwa. Akiamka saa 12 asubuhi na mchana akalala saa moja na nusu, ili afikishe zile 11 za chini lazima saa 2:30 usiku awe ameshasinzia. Kitabu kifunguliwe saa 2 kamili. Aliyelala mchana mpaka saa 11 jioni hata umwimbie nini atakukodolea macho tu.

Kwa mdogo, angalia zaidi wimbo unaishia wapi kuliko ni wimbo gani. Usingizi wa umri huo huwa mwepesi kila baada ya saa moja hivi. Akizoea kusinzia huku wimbo unapigwa, akigutuka akakuta kimya atalia adai kile alichokiacha. Kwa hiyo nyamaza wakati kope zimekuwa nzito lakini bado hajalala. Sheria hiyo inaihusu simu na inakuhusu na wewe mwimbaji.

FundiSauti
Nazungumzia spika, maana ndiko watu wanakoharibu.

Kwanza umbali. Utafiti wa Kanada wa 2014 ulipima mashine 14 za sauti za kulazia watoto. Zikiwa sentimita 30 kutoka kwa mtoto na zimefunguliwa mpaka mwisho, zote zilipita desibeli 50, kiwango kinachoshauriwa kwa vyumba vya watoto wachanga hospitalini, na tatu zilipita 85. Spika yako iwe mita mbili au zaidi kutoka kitandani, isifungwe kwenye nguzo ya kitanda. Kipimo cha haraka: kaa pale mtoto anapolala uongee kwa sauti ya chini. Kama spika inakufunika, punguza.

Pili mwendo. Hesabu mapigo kwa sekunde 15. Yakiwa 15 hadi 20, wimbo unafaa. Nyimbo nyingi za watoto za mtandaoni zinagonga 28 au 30, na hizo ni za kuchezea, hata zikiwa na picha ya mwezi na nyota.

Tatu, yale yanayomwamsha mtoto alipokwisha kusinzia:
- Tangazo katikati ya nyimbo, mara nyingi likiwa na kelele kuliko wimbo wenyewe. Pakua mapema, kisha weka simu hali ya ndegeni. Kwenye baadhi ya simu hapo bluetooth nayo inazimika, iwashe tena.
- Spika inayojitangazia yenyewe kwamba chaji imeisha, kwa sauti isiyofuata kiwango ulichoweka. Ichaji mchana.
- Redio ya flashi iliyochomekwa ukutani. Umeme ukikatika na kurudi saa 8 usiku, baadhi hujiwasha na kuanza wimbo wa kwanza kwa sauti ya kiwandani.

Muda wa kujizima weka dakika 20. Kwenye iPhone ingia Saa, sehemu ya kipima muda, shuka mpaka chini ya orodha ya milio, kuna chaguo la kusimamisha muziki.

Bi_Mvita
Mwanangu Fundi, umesema vyema, ila hiyo spika yako haimwoni mtoto. Mdomo ndio unaomwona. Bembelezi zetu za pwani zimejengwa kwa kazi hii: neno moja kama "howa" linarudi na kurudi, sauti inateremka mwishoni mwa kila mshororo, wala hakuna kituo cha kumshtua mtu. Huhitaji sauti ya kuimbia harusi.

Ufanye hivi. Ubeti wa kwanza imba kwa sauti ya kawaida, huku kiganja kinampigapiga mgongoni taratibu, pigo moja kwa kila neno. Wa pili shusha sauti, pigo moja kwa kila maneno mawili. Wa tatu fumba mdomo uvumishe tu, mkono utulie pale pale bila kupiga. Kisha nyamaza, mkono uache kama pumzi kumi zake, ndipo uunyanyue: kiganja kwanza, vidole mwisho. Wengi wanaunyanyua wote kwa mpigo mmoja, mtoto anahisi baridi mgongoni, kazi inaanza upya.

Kasida ni nzuri, ila zenye dufu ziache za mchana. Taarabu usiijaribu.

Mkutubi
Kitabu ndicho bora kwa mkubwa, tena kabla ya wimbo. Kwa wa miezi minane kitabu ni kitu cha kutafuna, basi mpe cha kurasa ngumu asichane cha mwenzake.

Kabla hujanunua, kisome kwa sauti pale pale dukani. Kikizidi dakika tano, rudisha. Unatafuta kurasa 8 hadi 12, sentensi moja au mbili kila ukurasa, maneno yanayojirudia, na mwisho ambapo mtu au mnyama anapumzika. Vibonyezo vya sauti na madirisha ya kufunua vinamwamsha. Hadithi ya sungura akimkimbia fisi ni tamu, lakini inaishia na swali "halafu?", nawe utajikuta unasoma ya pili.

Bure kabisa: tovuti ya African Storybook ina hadithi nyingi za Kiswahili, na leseni yake inaruhusu kuchapa. Zimepangwa ngazi tano. Ya tano ni ndefu kwa huyu, chukua ya pili. Chapa A5 kwenye karatasi nene. Ukipeleka ikapigwe laminesheni, viringisha pembe kwa mkasi kwa sababu zinachoma, na ujue plastiki inarudisha mwanga wa tochi machoni. Mimi naona karatasi nene tupu inatosha.

Na ile "Paukwa!" ya kuanzia, mwambie ajibu "Pakawa" kwa kunong'ona. Akiijibu kwa kelele kama ilivyozoeleka, umempandisha mori. Vitendawili acha kabisa, akili inabaki inatafuta jibu.

Mlezi_Kimara
Shukrani. Taa je? Na hao wawili nawapangaje?

Nesi_wa_Zamu
Balbu nyeupe kali zima. Taa hafifu ya manjano, au tochi uliyoielekeza ukutani. Usifunike taa kwa kanga, hiyo ni moto unaosubiri. Simu, waya, mto na midoli visiwe kwenye kitanda cha mdogo.

Mpangilio: mnyonyeshe mdogo, kisha wote wawili nje ya chandarua kwa kitabu kimoja. Mdogo aingie neti kwanza, mkubwa afuate, chomeka pindo chini ya godoro pande zote ndipo uanze kuimba. Ukiimba ukiwa nusu ndani nusu nje, umewaalika mbu.

Bi_Mvita
Na mkono wa kumpigapiga mtoto? Upitishe juu ya neti, umguse kupitia kitambaa. Ila ukimaliza, ivute neti isimgande mwilini, mbu humuuma papo hapo.

FundiSauti
Nakubali kwa Bi. Spika ibaki akiba ya siku ambayo koo limekauka.