Tupeane uzoefu: siku Rais mstaafu Moi alipofariki, kwenu watu walifanya nini?

Jirani wa Kiamunyi (mwanzilishi)

Wadau, hotuba za wanasiasa tulizisikia zote, tangu mwili ulipolazwa Bungeni, ukapelekwa Nyayo Stadium, hadi mazishi ya Kabarak. Hizo tuziache. Tarehe 4 Februari 2020 habari ilipokufikia ulikuwa wapi, na waliokuwa karibu nawe walisema nini? Anayemwita mzee na anayemwita dikteta wote wana nafasi hapa, mradi kila mmoja alete kisa chake. Matusi mtayapata kwingine, hayajawahi kuadimika.

Naanza mimi. Nina kibanda cha chai kando ya barabara ya kwenda Kabarak. Siku ya mazishi, tarehe 12, mabasi yalianza kupita hakujapambazuka, na mandazi yaliisha mapema kuliko Krismasi. Kwenye benchi langu walikaa wazee wawili walioshuka matatu moja. Mmoja alikuwa amevaa suti ya zamani na beji ya jogoo wa KANU kifuani, imeng'arishwa hadi rangi imeanza kutoka. Akasema, "Huyu mtu ndiye aliyenisomeshea watoto." Mwenzake akakoroga chai yake pole pole. "Na mimi alinifutisha kazi mwaka wa 92, eti naonekana na watu wa upinzani."

Nikashindwa kuvumilia. Nikamwuliza, "Sasa mzee, wewe unaenda Kabarak kufanya nini?"

"Kuhakikisha."

Yule wa beji alicheka hadi akamwaga chai. Wakalipa, kila mtu yake, wakaondoka pamoja.

Binti wa Molo

Sisi nyumba yetu ilichomwa mwaka wa 1992, wakati wa zile vita zilizokuja na siasa ya vyama vingi. Tulilala kwenye uwanja wa kanisa. Nilikuwa mdogo, ninachokumbuka sana ni mama akirudi siku ya pili kutafuta cherehani na kukuta chuma tu, mbao yote imeungua. Tume ya Akiwumi ya kuchunguza zile vita ilikaa, ikaandika ripoti, na shamba letu halikurudi.

Siku ile mama alikuwa anachambua maharagwe kwenye ungo. Redio ikatangaza. Hakuinua kichwa. Alimaliza ungo mzima, akapepeta, ndipo akauliza, "Watamzika wapi?" Nikamwambia Kabarak, kwake. Akasema, "Ana kwake," akachota maharagwe mengine.

Lakini Jumapili kanisani, mchungaji alipoomba watu wasimame kumwombea marehemu na familia yake, mama alisimama. Nilimwangalia kwa pembe ya jicho. Njiani nikamwuliza. Akaniambia, "Nimesimama kwa sababu ya Mungu. Usinichanganyie."

Mzaliwa wa Langalanga

Mimi ni maziwa ya Nyayo tu, yale ya bure shuleni, sina zaidi. Ile pakiti ya pembetatu, ukitoboa kona vibaya sweta yote inalowa na mwalimu anakuchapa juu yake. Nililia kidogo kwenye matatu. Mnicheke mkitaka.

Kijana wa Kondele

Watu wa nje walidhani Kisumu tutacheza barabarani. Mimi ni wa boda, steji yetu siku hiyo ilikuwa na makelele ya kawaida tu. Vijana wengi hapo Moi alipoondoka mamlakani 2002 walikuwa bado wananyonya, wengine hawajazaliwa. Walitaka kujua kama kutakuwa na sikukuu. (Ilikuwako, tarehe 11, ya ibada ya Nyayo Stadium. Biashara ikawa mbaya.)

Wazee ndio waliokuwa na neno. Kuna fundi wa baiskeli hapo jirani, ndiye alituambia tuangalie tarehe. Moi alizikwa tarehe 12 Februari 2020. Dakta Robert Ouko, waziri wake wa mambo ya nje, alionekana mara ya mwisho nyumbani kwake Koru usiku wa tarehe 12 kuamkia 13 Februari 1990, halafu mwili ukapatikana umechomwa pale Got Alila. Miaka 30 kamili. Hadi leo hakuna aliyehukumiwa. Fundi hakusema Moi alifanya, hakusema hakufanya. Alisema, "Mwenye kujibu ameondoka bila kujibu."

Kisha Raila, ambaye huku tunamwita Baba, akasimama kumuaga mzee, tukatazama kwenye simu ya mtu mmoja, vichwa saba kwa kioo kimoja. Huyu ni mtu aliyewekwa kizuizini bila kesi baada ya mapinduzi ya 1982 kushindikana, akakaa ndani miaka. Na hapo anaongea kwa upole, hata na utani. Mmoja wetu akasema, "Kama Baba amesamehe, sisi ni kina nani?" Fundi akamjibu bila kuacha kukaza spoki: "Baba amesamehe yake. Ya Ouko asamehe nani?"

Hapo mteja akaja, nikaondoka. Niliporudi walikuwa bado wanabishana.

Mwalimu wa Kakamega

Nyinyi mnaongea kuhusu tarehe 4. Sisi tulikuwa bado kwenye tarehe 3. Jioni ile ndiyo watoto wa Kakamega Primary walikanyagana kwenye ngazi wakitoka darasani, zaidi ya 10 wakafa. Asubuhi yake watu wamejaa hospitalini na mochari wakitafuta majina, na kila redio imegeukia Nairobi. Sikumchukia marehemu, alikuwa mzee wa miaka 95, kifo chake kilitarajiwa. Niliwachukia watangazaji.

Mimi nafundisha shule nyingine, si ile. Ikaja amri bendera zipepee nusu mlingoti hadi Moi azikwe. Tukashusha. Mtoto wa darasa la nne akaja kuniuliza, "Mwalimu, bendera ni ya wale wenzetu?"

Nikamwambia ndiyo. Mwalimu mkuu alikuwa amesimama hapo hapo, amesikia, na hakunisahihisha.

Mzee wa Busia

Mniruhusu nichepuke kidogo, kwa maana huku mpakani dikteta wetu wa kwanza alikuwa Amin. Mwaka wa 1976 alidai sehemu kubwa ya magharibi ya Kenya ni ya Uganda, karibu afike Nairobi. Kwa ramani yake sisi sote wa huku tulikuwa raia wake. Baba yangu alikuwa na duka la kushona Jinja. Waisraeli walipovamia Entebbe Julai mwaka huo, Amin akawageukia Wakenya walioko Uganda, akisema Kenya iliwasaidia. Watu wakauawa. Baba alivuka usiku na mkasi wa kazi na futi ya kupimia shingoni, basi.

Amin alipokufa Jeddah, Agosti 2003, nilimpelekea baba habari nikidhani atafurahi. Akauliza amekufa wapi. Nikasema hospitalini, figo zilikataa. Akauliza tena, "Kitandani?" Ndiyo, kitandani. "Na shuka?" Nikamwambia, baba, hospitali ya Saudi haiwezi kukosa shuka. Alikasirika siku nzima, hata chakula cha jioni akakataa.

Mjukuu wa Rongai

Mimi ni Mtugen, kabila la Moi mwenyewe, na nimenyamaza tangu mwanzo wa uzi. Bibi yangu alilia kwa sauti, tukaogopa shinikizo la damu. Kuna wakati msafara wa Moi ulisimama kijijini kwao, watu wakaeleza shida, na karo ya mjomba wangu ikatoka hapo hapo, pesa mkononi. Mjomba sasa ni daktari wa mifugo. Mkimwambia bibi kuhusu vyumba vya mateso vya chini ya Nyayo House atawauliza mlikuwa mmefanya nini mkapelekwa huko. Mimi hilo siliungi mkono, nimesoma nilivyosoma. Ila machozi yake hayakuwa ya kununuliwa.

Dada wa Molo, ya mama yako nimeisoma mara mbili. Bibi hakuchoma nyumba ya mtu.

Binti wa Molo

Sijasema alichoma. Waliochoma tunawajua kwa majina, tulikuwa tunateka maji mto mmoja. Bibi msalimie.

Jirani wa Kiamunyi

Haya, endeleeni. Wa Siaya na Bungoma bado sijawaona hapa. Na aliyekuwa kwenye foleni za kupiga kura za mlolongo mwaka wa 1988, zile ambazo foleni fupi ilitangazwa mshindi, naomba sana aandike.