Kwa nini sodiamu ya mate hupanda mate yakitoka kwa kasi?

Maabara_Mikindani
Habari za kazi wakuu. Mate ya mtu aliyetulia, mililita 0.4 kwa dakika, yamesoma sodiamu 6 na potasiamu 24 mmol/L (milimoli kwa lita). Mtu yuleyule akitafuna nta yanafika mililita 3 kwa dakika: sodiamu 48, potasiamu 19. Mate yakiwa mengi si chumvi ingepungua? Halafu tyubu moja ilisoma pH (kipimo cha asidi; ikipanda, asidi imepungua) 6.8 asubuhi, mchana ikasoma 7.7. Tatizo ni nini?

Fiziolojia_Shangani
Kwenye sodiamu hakuna tatizo, mkuu. Mate hayaanzi yakiwa mepesi. Vifuko vya tezi hutoa majimaji yenye sodiamu karibu sawa na ya plazma (majimaji ya damu), takriban 140. Yakipita kwenye mirija, seli za ukutani hufyonza sodiamu na kloridi, hutia potasiamu na bikabonati, na maji hayafuati kwa kuwa ukuta ule hauyapitishi kirahisi. Yakipita taratibu, karibu sodiamu yote inafyonzwa. Yakipita mbio, nyingi inaponyoka. Potasiamu kidogo inayotiwa njiani nayo inasambaa kwenye maji mengi, ndiyo maana imeshuka.

Bikabonati, ile inayozima asidi, ndiyo huwachanganya watu. Kwa hesabu ya muda ingeshuka, lakini hupanda, kwa sababu kichocheo kinachoiamsha tezi kinaongeza na utoaji wake. Usingizini mate ni haba na bikabonati ni ndogo, kwa hiyo asidi ya bakteria hukaa kwenye meno bila kizuizi.

Kaka_wa_Lindi
Hiyo pH ni kaboni dioksidi imetoroka, na ikitoka asidi hupungua. Pima papo hapo, tyubu ikiwa na kifuniko. Kwa joto letu hili isikae mezani, itie kwenye deli la barafu.

Kasi usiisome kwenye mistari ya tyubu, povu linadanganya. Pima tyubu tupu kwenye mizani, kusanya dakika 5, pima tena; gramu 1 ichukulie mililita 1. Mate ya dakika ya kwanza yatemwe. Embe bichi au ukwaju usimpe: mate yatajaa, lakini asidi na potasiamu ya tunda vitaingia kwenye majibu. Fizi zikitoa damu, acha sampuli hiyo, sodiamu itapanda bure.

Zungusha kwanza kwenye sentrifyuji, ute usije ukaziba mrija wa mashine. Na hiyo sodiamu 6 ihakiki: mashine iliyowekwa kusoma seramu (majimaji ya damu iliyoganda) haiaminiki chini kiasi hicho. Tumia mpangilio wa mkojo, au fotometa ya mwali (hupima sodiamu kwa mwanga wa mwali wa moto) yenye kipimio, yaani myeyusho wa kulinganishia, cha 10 mmol/L.

Maabara_Mikindani
Asante kaka. Ilikuwa kwenye seramu. Narudia kesho saa tatu asubuhi, saa ileile ya mwanzo.