MREJESHO: Koki ya mafuta ya CG125 iliyokuwa inavuja

Wakuu, niliwaomba msaada kuhusu pikipiki ya Honda CG125 ya miaka ya 80 aliyoniachia marehemu baba: koki ya mafuta ilikuwa inadondosha hata ikifungwa, asubuhi unakuta injini imelowa na banda zima linanuka petroli.

Asanteni sana nyote. Nilimfuata aliyesema nifungue koki kwanza kabla ya kuhangaikia mpya. Nilimwaga mafuta yote kwenye dumu, nje, mbali kabisa na jiko, nikafungua skrubu mbili za kile kibati cha mbele. Tatizo lilikuwa hapo hapo: ule mpira wa duara wenye matundu umekauka, mgumu kama kifungo cha shati, na una ufa kutoka tundu moja hadi jingine. Nimeweka mpya. Uso wa mkono wa koki (kile kishikio cha kufungulia na kufungia) unaogusana na mpira nikausugua kwenye msasa laini sana uliolazwa juu ya kioo, taratibu, kwa kuzungusha.

Aliyeshauri nipake silikoni kuziba uvujaji, nashukuru, ila sikuipaka. Petroli huivimbisha, na kipande kikimeguka kinaweza kuziba jeti za kabureta, vile vitundu vidogo vya kupitisha mafuta.

Sasa ikifungwa ni kavu kabisa. Nimelaza karatasi chini usiku kucha, haina hata doa. Ila nikiweka rizevu (upande wa mafuta ya akiba) bado inatoa jasho kidogo pembeni ya mkono, maana kuna mkwaruzo mmoja umekwenda ndani na msasa haukuumaliza. Hiyo itabidi koki nzima. Mpaka nitakapoipata, naendesha bila kugusa rizevu na tenki siliachi lishuke.