Kuuza nyumba kipindi cha baridi na sikukuu: tupeane uzoefu

MwenyeUzi: Wakuu, kwa wanaouza nyumba kwenye nchi za theluji wiki hizi za Krismasi na mwaka mpya, tumwage mambo hapa. Naanza na picha. Zipigwe kabla hujaweka mti na taa za sikukuu. Nyumba isipouzika mpaka Februari, picha yenye mti inamwambia kila mnunuzi imekaa sokoni muda gani, na ofa zinashuka. Piga kati ya saa tano asubuhi na saa nane mchana, maana jua la Desemba liko chini na linazama mapema. Kama una picha za bustani ikiwa na majani, ziweke mwishoni na uandike ni za mwezi gani.

Dalali Mkongwe: Naunga mkono. Balbu zote za chumba kimoja ziwe na rangi moja. Nyeupe na ya njano pamoja hufanya ukuta uonekane mchafu.

Kigingi: Mnajisumbua. Ondoa tangazo tarehe 20, lirudishe Januari. Nani ananunua nyumba Krismasi?

Dalali Mkongwe: Ndugu, anayekanyaga theluji tarehe 27 kuja kuona nyumba ana sababu: kahamishwa kazi, au mkataba wake wa kupanga unaisha. Huyo haji kutalii. Na wauzaji wengine wakishaondoa matangazo yao, yeye anabaki na nyumba chache za kuchagua. Januari wote wanarudi kwa pamoja, mnagombania mtu mmoja.

FundiBomba: Hayo ya picha yanarekebishika. Kinachoumiza ni nyumba tupu. Mwenyewe kashahama, kazima hita abane matumizi, baridi inashuka chini ya sifuri siku mbili mfululizo. Maji yakiganda yanatanuka kwa takriban asilimia 9. Barafu inasukuma maji yaliyonaswa kati yake na koki iliyofungwa, presha inapanda, bomba linaachia pale lilipo dhaifu. Hakuna anayejua, kwa sababu barafu yenyewe ni kizibo. Balaa linaanza hewa ikipata joto: kizibo kinayeyuka, maji yanamwagika ndani ya ukuta usiku na mchana, dari inavimba kama tumbo kisha inaporomoka, mbao za sakafu zinapinda. Mnunuzi anafungua mlango tarehe 2 Januari, anakanyaga zulia, maji yanapanda pembeni mwa kiatu.

Njia ni mbili. Ama uache hita kwenye nyuzi 13 na ufungue milango ya makabati ya chini ya sinki, joto lifikie mabomba ya ukuta wa nje. Ama ukaushe kabisa: zima hita ya maji, funga vali kuu, fungua koki zote kuanzia juu, ya chini kabisa ndiyo itoe maji yaliyobaki, toa maji kwenye tangi la hita, flashi vyoo mpaka matangi yawe makavu. Halafu mimina dawa ya mabomba ya kuzuia kuganda, ile ya propileni glaikoli, kwenye kila kona ya maji (ule mpindo wa bomba unaobaki na maji) ya sinki, bafu na choo. Usitumie ya rejeta ya gari, ethilini glaikoli ni sumu. Kama nyumba inapashwa kwa redieta za maji, mwite fundi, usikaushe mwenyewe.

Kigingi: Nyuzi 13 ni kuchoma pesa. 10 zinatosha.

FundiBomba: Kipimajoto kiko sebuleni, bomba liko ndani ya ukuta wa nje. Sebule ikisoma 10, pale kwenye bomba unajua ni ngapi?

Mama Bima: Na kabla ya kuhama pigia simu kampuni ya bima. Sera nyingi hupunguza au kufuta fidia nyumba ikikaa tupu siku 30 au 60. Uliza siku zako ni ngapi, waombe jibu kwa maandishi.

Mkaguzi: Paa lililofunikwa na theluji halikaguliki. Kiyoyozi nacho hakijaribiwi nje kukiwa chini ya nyuzi 15 hivi, kompresa inaweza kuharibika. Andaa picha za paa za kiangazi na risiti ya huduma ya mwisho, la sivyo mnunuzi atadai sehemu ya pesa izuiliwe mpaka hali ya hewa ibadilike. Zile sindano za barafu zinazoning'inia ukingoni mwa paa, wageni wanaziona urembo. Kwa mkaguzi mara nyingi ni dalili ya joto linalovuja darini.

MwenyeUzi: Tarehe ya makabidhiano je?

Dalali Mkongwe: Kwepa 24 Desemba hadi 2 Januari. Benki na ofisi za usajili zinafunga kwa vipande, pesa inakwama katikati huku watu wako barabarani na mizigo. Na mkataba uandike "siku za kazi". Ukiandika "siku 5" tu, mtagombana.

Kigingi: Kwa hiyo mti uwekwe au usiwekwe?

Dalali Mkongwe: Weka mwembamba, usizibe dirisha. Zawadi zilizo chini yake zifungie kabla wageni hawajaingia, pamoja na dawa za kabatini.