Ni-ovakloki prosesa ya laptopu ya zamani au ninunue RAM?

Dogo wa Ubungo: Wakuu, laptopu yangu ya gemu imechoka, inakwamakwama. Nina laki moja na nusu. Ni-ovakloki prosesa, yaani niilazimishe ikimbie kuliko kiwango chake, maana ni bure, au niongeze RAM? Nataka niamue kabla ya wikiendi.

Chuma Chakavu: Prosesa gani? Umeeleza kama mtu aliyekwenda kwa mganga, sisi tupige ramli.

Dogo wa Ubungo: i7-7700HQ, kadi ya picha GTX 1050 Ti, RAM GB 8.

Chuma Chakavu: Hapo ovakloki haipo. Intel wamezifunga prosesa za HQ, ya laptopu iliyoachwa wazi kizazi hicho ni 7820HK. Yako inapanda yenyewe hadi 3.8 GHz kora moja (kiini kimoja cha prosesa) ikifanya kazi, zote nne 3.4. Ikikaribia nyuzi 100 inajishusha, ndiyo hiyo kukwama. Shusha volteji kwa programu ya ThrottleStop ili joto lipungue, anza kwa kupunguza milivolti 50, bure kabisa.

Mama Pikseli: Kama BIOS, ile programu ya kuwashia mashine, imesasishwa baada ya Desemba 2019 huenda volteji haiguswi tena, waliziba tundu la usalama la Plundervolt. Anunue RAM. Dogo, hizo 8 ni stiki moja au mbili?

Nahodha: Usafi kwanza. Ila chagua fundi! Mimi yangu nilipeleka kutolewa vumbi na kubadilishwa pesti ya kupitisha joto la prosesa. Imerudi, feni zinapiga kelele kuliko mwanzo, gemu dakika kumi inazima. Napima: kora mbili nyuzi 96, mbili ziko 70 na kitu. Kurudi kwa fundi, ananiambia prosesa imekufa, ninunue bodi nzima. Nikafungua mwenyewe nyumbani. Skrubu moja ya bomba la shaba la kupozea haikukazwa, na nyingine haikuwepo kabisa! Kukaza tu, joto likashuka.

Chuma Chakavu: Mafundi ndio walewale.

FundiPasi: Siyo wote, bwana. Wateja nao wanataka kazi ya elfu tano.

Kitasa: Mnapoteza hela ya dogo. Windows 10 ilikata msaada Oktoba 2025, na Windows 11 haiikubali rasmi 7700HQ. Auze.

Mama Pikseli: Aweke Linux.

Kitasa: Gemu la Valorant je? Vanguard, programu yake ya kuzuia wadanganyifu, haifanyi kazi Linux.

Mama Pikseli: Nani kasema anacheza Valorant? Dogo, unacheza gemu gani? Na stiki ni ngapi?

Dogo wa Ubungo: Asanteni wakuu. Hivi zile feni za kuweka chini ya laptopu zinasaidia?