Naomba ushauri: fayawoli inapiga kelele kuhusu DNS, mashine yenyewe siioni

Wakuu habari zenu. Hapa ofisini fayawoli imeanza kutoa alamu ya trafiki yenye mashaka ya DNS (mfumo wa kugeuza majina ya tovuti kuwa namba za IP), nikifungua logi chanzo ni IP ya seva yetu ya Windows, sasa hiyo seva ndo kompyuta zote zinaiuliza majina na yenyewe ndo inatoka nje kuuliza, kwa hiyo aliyeanzisha haonekani kabisa. Maombi ni ya TXT (rekodi ya DNS inayobeba maandishi), mbele ya domeini kuna herufi na namba zimechanganyika ndefu hadi zinakaribia 63 ambayo ndo mwisho wa kipande kimoja cha jina, na yanatoka hata usiku ofisi imefungwa. Naogopa kuna data zinatolewa kupitia poti 53 (mlango wa DNS), ingawa hata antivairasi zingine huuliza hivyohivyo.

Nawaza niwashe logi ya DNS kwenye seva, halafu Sysmon (programu ya Microsoft ya kurekodi matukio ya kompyuta) kwenye kompyuta za watu maana tukio namba 22 linaonyesha programu iliyouliza. Au niielekeze hiyo domeini kwenye IP ya uongo ya ndani, nione mashine gani itaigonga? Na je niizuie sasa hivi au nimnase kwanza muhusika? Tunatunza taarifa za wateja na mishahara, kwa kweli silali. Aliyewahi kupambana na hii anisaidie tafadhali.