Naomba ushauri: binti wa miaka 9, kolesteroli 192

Wapendwa, habari za jioni. Niko Kampala. Mume wangu alipata mshtuko wa moyo akiwa na miaka 41, daktari wake akasema watoto nao wapimwe damu. Majibu ya binti yetu wa pili yametoka: kolesteroli mbaya, ile LDL, ni 192. Kwa mtoto inatakiwa isifike 110. Kuanzia 130 tayari iko juu.

Ni mwembamba kama ufito, anashinda akiruka kamba uani. Muuguzi mmoja aliniambia mtoto mwembamba hana mafuta kwenye damu. Sikubaliani naye, kwa sababu tatizo hili hurithiwa, na baba yake kano za kisigino zimemnenepa, dalili ya kolesteroli ya kurithi. Jana usiku nilimpapasa binti visigino akiwa usingizini. Sikuhisi kitu.

Tuna rufaa ya Taasisi ya Moyo, Mulago. Mliompitisha mtoto huko, alianzishiwa statini (dawa za kushusha kolesteroli) mara moja au lishe kwanza? Alirudia kipimo baada ya muda gani? Na mlimwelezaje bila kumtia hofu? Wangu ameshaniuliza kama moyo wake ni kama wa baba.